Gari Lililoogopa Wakwe

Pikapu ya Mzee Gervasi ilirudi Ujiji mchana ule wa Jumamosi ikinguruma vizuri, kama haijafanya kosa. Ilipita sokoni, ikapanda kile kilima cha kwao bila hata kukohoa, ikasimama uani kwa adabu. Waliokuwa nyuma wakashuka mmoja mmoja bila kusalimia mtu. Wa mwisho kushuka alikuwa beberu, na yeye peke yake ndiye aliyeonekana ana furaha, maana alitoka alfajiri akiwa mahari na sasa amerudi akiwa mbuzi.

Nizigama fundi alikuwa anawasubiri kwenye kivuli cha ukuta. Alisikiliza injini kabla haijazimwa, akaangalia moshi, kisha akaangalia nyuso za watu. Akauliza safari hii gari limefia wapi. Gervasi akamjibu kwamba limefia Mkongoro, kwamba walipolirudisha chini hadi Mwandiga lilifufuka lenyewe, na kwamba asimuulize tena.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza, walipopeleka posa, pikapu ilizimika watu wa Kalinzi wakiiona kwa macho yao, na wageni wa heshima wakafika ukweni wakisukuma, matope hadi magotini, mshenga amepoteza kiatu kimoja. Mara hii hawakufika kabisa. Na Shangazi Winfrida, aliyemlea Scola, binti anayeposwa, tangu mama yake afariki, alikuwa na sharti moja asilolilegeza: mahari ifike mlangoni kabla umande haujakauka. Ndivyo yeye alivyolipiwa, ndivyo mama yake alivyolipiwa, na hakuona kwa nini jua lianze kupewa ruhusa leo.

Jioni akapiga simu. Hakugomba. Alimwambia Veneranda, mke wa Gervasi, kwamba anawapa Jumamosi moja tena, na wasipofika atawasikiliza watu wa Manyovu, wenye kahawa yao, ambao nao wana kijana.

"Wale wana lori," alisema. "Sijawahi kuona mtu akisukuma lori."

Bariki, mwana wa nyumba hiyo, aliyasikia yote kwa sababu simu ya mama yake ina sauti ya mnada. Scola alikutana naye Kalinzi, kwenye kituo cha kuoshea kahawa, siku Bariki alizokuwa akipandisha dagaa wa Katonga kwa pikapu hiyohiyo. Alipanda mchana mara ngapi, na gari halikumwangusha hata siku moja. Siku za wakwe ndipo linakufa. Usiku ule Bariki hakula. Mama yake alihesabu huo ni ugonjwa. Baba yake alihesabu ni ugali uliobaki, akauvuta upande wake.

* * *

Jumatatu Nizigama alikuja na vyombo vyake ndani ya ndoo. Veneranda alipomwona akaanza kuingiza ndani madumu yake ya mawese, moja baada ya jingine, akafunga mlango wa stoo na kutia ufunguo kifuani. Yeye huuza mawese, na siku hizi kila dumu alilolifunga likiwa limejaa alikuja kulikuta limepungua hadi mabegani. Panya hawafungui kizibo. Mumewe ndiye aliyemdokeza kwamba ukichunguza sana utaona mambo haya yalianza fundi yule alipoanza kuingia hapa uani, lakini yeye Gervasi hamtaji mtu.

Nizigama aliletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa bado mgongoni. Amekulia Kigoma, Kiha anakiongea kuliko Bariki, lakini kitu kikipotea bado anaitwa mtu wa ng'ambo. Alimwona mama akifunga mlango. Akainama ndani ya ndoo akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Aliomba maji na sabuni. Akaletewa kipande cha sabuni kidogo kuliko kile ambacho mtu angempa mtoto anawie uso. Akakikoroga hadi kikatoa povu, akamwambia Bariki akanyage mafuta injini ivume, naye akawa analipaka lile povu kwenye bomba la upepo linalotoka kwenye turbo, taratibu, kama mtu anayemnyoa mzee. Kwenye mpira wa kwanza, kimya. Kwenye wa pili, chini ya klipu, povu likatoa macho, likawa linatutumka na kupasuka, na ukisogeza sikio unasikia fyuu.

"Huyu hapa mwizi wako, mzee," alisema Nizigama. "Turbo inapuliza, lakini upepo unatorokea njiani haujafika kwenye injini. Ni kama kupuliza moto na una pengo."

Gervasi alifurahi kupita kiasi. Aliita majirani waje waone ule mpira uliopasuka. Aliushika juu kama aliyeua nyoka. Mpira mwingine ukatafutwa, ukafungwa, na mchana wakaenda nao hadi Mwandiga na kurudi. Gari liliruka. Lilizipita bodaboda kwenye mlima, moshi ukawa mwembamba, na Mzee Feliksi, jirani yao ambaye pia ndiye mshenga, aliyepanda ili kushuhudia, akasema sasa hata Bujumbura wangefika.

Nizigama peke yake hakucheka. Turbo inayovuja hufanya gari liwe zito na litoe moshi mweusi, hilo kweli. Lakini haizimi gari. Na wala haijiponyi kwa kuteremka mlima. Alimwambia Gervasi kwamba anashuku presha ya dizeli, kwamba kuna kitu kinaibana isifike kwenye injini, na akamuuliza mafuta anatia wapi.

Gervasi akamtazama mbuzi.

"Kituoni," akasema.

"Kituo gani, mzee?"

"Vituo vyote ni ndugu."

Fundi hakuendelea. Kulikuwa na harufu fulani nyuma ya gari, kwenye bomba la moshi, harufu ya kitu kinachokaangwa, lakini Ujiji nzima inanuka mawese kuanzia alfajiri: sabuni ni mawese, mboga ni mawese, nguo za watu ni mawese. Pua ya mtu wa huku haiamki kwa ajili hiyo.

* * *

Katikati ya wiki Gervasi alirudi nyumbani amevaa koti. Lilikuwa koti la kahawia, zito, lenye vifungo vinavyong'aa na kola pana, la kuvaliwa na baba wa bwana harusi. Alisema ametumiwa na ndugu yake wa Kasulu. Veneranda alilishika kitambaa, akalisifu. Huyo ndugu wa Kasulu hajawahi kumtumia mtu hata salamu.

Maneno ya Kalinzi yalikuwa yamekwisha kuenea mtaani, na kila mtu alikuwa na dawa. Mzee Feliksi alishauri wamwone mtu wa mambo hayo, kwa maana gari linalokwenda vizuri kila mahali isipokuwa ukweni, si chuma kinachougua. Gervasi aliunga mkono haraka mno. Alisema hata yeye kwa muda mrefu alihisi yule shangazi ana jicho. Nizigama, aliyekuwa amelala chini ya gari, akajibu kutoka hukohuko kwamba uchawi hauna presha, na yeye anapima vyenye presha tu.

Alikuwa amekwenda Katonga kwa mafundi wa injini za maboti na kuazima geji ya kupimia presha. Akaifunga kwenye njia ya dizeli, akapitisha mpira wake mrefu dirishani, akaining'iniza kwa kamba mbele ya kiti cha katikati ili aione wakiwa safarini. Uani mshale ulisimama wima kama askari wa gwaride. Barabarani vilevile. Mama mwenye nyumba alipita na sufuria akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna mafundi hupenda ugonjwa usiishe. Siku hiyo chai ilinywewa ndani, mlango umeegeshwa.

Nizigama alimwambia Bariki pembeni kwamba Jumamosi atapanda nao. Asipolipwa, sawa. Gari hili limemfanya mjinga mara mbili, na mtu akifanywa mjinga na kitu kisicho na mdomo, hapati usingizi.

* * *

Walitoka giza likianza kufifia. Mbele alikaa Gervasi na koti lake, Nizigama na geji yake, na Mzee Feliksi akiwa amefunga kamba za viatu mara mbili. Nyuma walikaa Veneranda na Bariki, wakajifunika shuka moja, pamoja na mbuzi, vitenge vya mahari, na dumu la mawese ambalo Veneranda alilichagua mwenyewe, jekundu, zuri, zawadi ya watu wa ziwani kwa watu wa milimani.

Hadi Mwandiga mshale haukutikisika. Gervasi akaanza kuimba. Barabara ilipoanza kupanda, baridi ikaingia dirishani palipopita ule mpira, na mshale ukashuka kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani. Nizigama akaugonga kwa kidole. Ukashuka tena. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, na kadiri walivyoupanda ndivyo geji ilivyozidi kuinama, na wimbo wa Gervasi nao ukawa unapungua beti. Walipita Mkongoro, wakashangilia. Kwenye mlima wa mwisho, mabati ya Kalinzi yakionekana katikati ya kahawa, injini ikapiga chafya mbili ikanyamaza.

Mbuzi akalia.

Nizigama alishuka, akafungua boneti, akajaribu ile pampu ya mkono ya dizeli. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Akafungua filta, akaitoa, akaikinga kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa kitu cha rangi ya chungwa, kizito, kinachokaa bila kumwagika. Akakichota kwa kidole. Akakinusa.

Kule nyuma Veneranda naye alikuwa ameegemea dumu lake, na dumu halikumjibu. Kila siku ukiligusa dumu la mawese linacheza ndani. Hili lilikuwa kimya. Alifungua kizibo akaona mawese yameganda hadi juu, kama nta. Alipoinua macho akamwona fundi amesimama mbele yake, na kidole chake kina rangi ileile.

"Mama," alisema Nizigama, "mawese yako nimeyapata."

Veneranda alikitazama kidole. Akatazama dumu. Kisha, polepole, akalitazama koti, akaanzia kwenye kola akashuka kifungo kimoja kimoja. Hesabu yake ilikwisha kwenye kifungo cha mwisho: mawese yalikwenda kwenye tanki, hela ya dizeli ikawa koti.

Gervasi aliona bora azungumze kabla hajazungumziwa. Alisema waendesha maboti wa Katonga ndio waliomwambia injini ya dizeli haichagui mafuta. Alisema alijaribu kidogo tu, gari likaenda, akaongeza kidogo tu. Dizeli yenyewe mnajua ilivyo ghali. Na Ujiji lilikuwa linakwenda, si mmeona wenyewe, kosa ni la huku kwenye baridi.

"Na ndugu wa Kasulu hajambo?" akauliza mkewe.

Gervasi akasema hajambo.

Veneranda alimgeukia Nizigama. Kulikuwa na maneno yaliyostahili kusemwa pale, na aliyatafuta, lakini mwanamke aliyefungia mtu mlango wiki nzima hayapati upesi. Akavua shuka mabegani mwake akampa fundi ajifunike. "Baridi hii itakuumiza kifua, baba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kitu kingine zaidi ya fundi. Nizigama akalipokea kwa mikono miwili, akasema ego, ndiyo, asante, na wote wawili wakaangalia pembeni.

* * *

Dawa ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyokuwa tatizo. Yalitakiwa maji ya moto, mengi, ya kumwagia filta, na mabomba na tanki kwa nje, hadi mawese yayeyuke. Moshi wa jiko la karibu zaidi ulikuwa unatoka kwenye paa la akina Scola. Umande ulikuwa bado umelala kwenye majani, lakini upande wa mashariki ukungu ulikwisha kuanza kuwa mweupe.

Mzee Feliksi aliinua mkono. Alisema yeye kama mshenga hawezi kuruhusu. Mgeni wa mahari haombi maji kabla hajafunguliwa mlango. Akiomba, amekuja kama mwenye kiu, si kama mwenye ng'ombe. Bariki akamkumbusha kwamba ng'ombe hawana, wana mbuzi. Mshenga akasema sheria ni ileile. Bariki akakaa chini barabarani, akafunika uso kwa mikono, na kwa muda alionekana kama amekwisha kuwaona watu wa Manyovu wakishuka kwenye lori lao.

Ndipo Mzee Feliksi akamhurumia. Alifikiri, akakohoa.

"Yaliyokatazwa ni maji ya kunywa," akasema. "Ya gari sikuwahi kusikia."

Bariki akampigia Scola. Waliongea kwa kunong'ona kama wezi. Scola akasema atabandika sufuria kubwa, atasema ni la kuoshea vyombo, na atamtuma mtu wa bodaboda wanayemwamini. Wakasubiri. Mshenga akawa anagusa majani kwa kidole, kupima umande.

Bodaboda ilitokea kwenye kona ikija taratibu kwa uangalifu. Nyuma ya dereva alikaa mtu aliyekumbatia sufuria la maji lenye kifuniko, amejifunga kitenge kipya, amevaa hereni. Bariki aliinuka akitabasamu. Kisha tabasamu likamfia usoni, kwa sababu ile hereni haikuwa ya Scola.

"Mwakeye," alisema Shangazi Winfrida, akiwasalimu kwa Kiha huku akishuka. "Nimekuta maji yanachemka kwangu, nikauliza ya nani. Msichana akaniambia ya kuoshea vyombo. Nikamwambia vyombo vyangu haviko barabarani."

Wote wakamwamkia kwa pamoja. Aliitikia mmoja mmoja, bila haraka, akalizunguka gari. Nyuma kwenye bomba la moshi akasimama, akavuta hewa. Pua ya mlimani haijazoea. Akanusa tena, akaja mbele, akachungulia filta mkononi mwa Nizigama.

"Hili gari lenu linakaanga nini?"

Mzee Feliksi akaanza habari ya turbo na upepo unaotoroka. Winfrida akamwacha amalize, kama unavyomwacha mtoto amalize kuhesabu vibaya. Kisha akauliza upya, neno moja moja, safari hii akimtazama Bariki: nani ametia mawese kwenye tanki?

Bariki alilitazama tanki. Akisema baba, amemvua baba yake nguo mbele ya wakwe. Akisema hajui, ameanza ndoa na uongo. Gervasi alikuwa anashikashika kifungo cha koti. Kweli yote ilikuwa kwa Veneranda, pamoja na hasira ya haki ya wiki nyingi, na nafasi nzuri kama ile asingeipata tena maishani.

"Ni nyumba yetu iliyotia, dada," alisema Veneranda. "Mawese ni yangu, tanki ni la mume wangu, aibu ni yetu sote."

Winfrida alimtazama kwa muda. Akamtazama Gervasi, akalitazama koti, na inawezekana aliona kila kitu, maana vifungo vile vilikuwa vinang'aa kupita umri wa gari. Akatoa kifuniko cha sufuria.

"Watu wa Manyovu walipokuja," alisema, "baba alimlaumu mama, mama akamlaumu dereva, na hawakuwa wameharibikiwa na chochote. Fundi, nimwagie wapi?"

Nizigama akamwonyesha. Walimwaga taratibu, mvuke ukapanda, rangi ya chungwa ikaanza kuchuruzika barabarani na harufu ya jikoni ikajaa mlimani. Fundi akasuuza filta, akaikung'uta maji, akapiga pampu ya mkono hadi ikalainika, kisha ikajaa, akampa ishara Bariki. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikakamata. Mshale ukainuka.

Winfrida alisema yeye atapanda mbele, kwani miguu yake ina maji. Veneranda akasema fundi asiguswe, ana geji. Mshenga ni mshenga. Bariki ataendesha, wabanane wanne. Ikabaki nafasi nyuma, kwa mbuzi na Mzee Gervasi, na hivyo ndivyo alivyoingia Kalinzi, ameshikilia pembe, akiwapungia mkono watu waliotoka majumbani kuuliza nani anapika. Veneranda alikaa mkabala naye akalitengeneza lile dumu la zawadi lisidondoke. Majani ya kahawa njiani yalikuwa bado yanang'aa maji.

* * *

Mahari ilipokelewa. Baadaye, kama kawaida, zikasomwa faini, maana hakuna mgeni wa mahari asiye na kosa. Mzee Feliksi alitozwa kwa kuzungumza kabla ya kukaribishwa. Bariki alitozwa kwa kupigia simu jiko la watu. Kisha Shangazi Winfrida akasimama akasema gari nalo lina faini yake, na kwa kuwa gari halina mfuko, atalilipia mwenyewe aliyelilisha. Dumu moja la mawese, ambalo halijapita karibu na tanki. Wakacheka wote. Hajamaliza, akasema. Mjomba wa binti hakuwa na nguo ya kuvaa siku ya harusi, na yeye ameona koti hapa ambalo, kwa jinsi anavyolinusa, ni mali ya mama huyu.

Gervasi akamtazama mkewe. Veneranda alikuwa anakunywa kahawa yake kwa utulivu, macho kwenye kikombe. Gervasi akasimama, akafungua kifungo kimoja kimoja, akalivua. Mjomba alilivaa palepale. Lilimkaa vizuri kuliko alivyopenda Gervasi.

Jioni waliteremka na ukungu unarudi. Veneranda alikataa kukaa mbele. Alisema fundi akae mbele, amefanya kazi. Akapanda nyuma na mumewe, ambaye alikuwa amebaki na shati, mikono ameiingiza kwapani, meno yanagongana kila gari linapokata kona. Walikwenda hivyo hadi karibu na Mkongoro.

"Unasikia baridi?" akauliza Veneranda.

"Kidogo."

"Ukianza kuganda sema," akamwambia, akavuta upande mmoja wa kitenge chake na kumfunika. "Tutaomba maji ya moto."